Hakuna Mtu Anayeitwa Wengine

Alikuwa na miguu ya kutembea na mdomo wa kuuliza, na vyote viwili vilimletea maadui. Sisi wa mtaa wa Gatwekera tulimwita Madam wa Fomu. Chuoni alikofundisha walimwita Daktari, na cheo hicho kilimponza siku mtu mmoja alipokitaja mbele ya akina mama waliokuwa wakichota maji. Kesho yake aliwakuta watatu wanamngoja na watoto wenye kikohozi. Mtu mwingine angesimama kueleza kwamba kuna udaktari wa vitabu na udaktari wa sindano. Yeye aliwashika mikono watoto wawili, akawaambia akina mama wamfuate, akawapeleka zahanati na kukaa nao kwenye foleni mpaka wakaonwa. Wakati wa kungoja aliwauliza maswali. Alirudi na kurasa sita.

Ninaandika habari zake bila jina kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda jina la mtu likae kwenye karatasi. Fomu zake zote zilikuwa na nambari. Alisema jina ni la kuitwa, si la kufungiwa kabatini. Wala sitasema alizaliwa lini na alisoma wapi. Sisi tuliolelewa homu tunajua jinsi maswali ya namna hiyo yanavyomkaba mtu koo, nami sitamfanyia mwenzangu nilichofanyiwa.

Homu ndilo neno letu la makao ya watoto. Mimi nilikulia katika homu moja ya Kawangware, upande wa Kabiro, nyuma ya ploti za kupangisha, tangu sijaota meno mpaka nilipofikisha miaka kumi na minane, nikapewa godoro, sanduku la bati na maombi, nikaenda kupanga Gatwekera. Nje ya lango nilikutana na swali ambalo nimeishi nalo kuliko nilivyoishi na binadamu yeyote: kwenu ni wapi? Mwenye nyumba analiuliza kabla ya kukupa ufunguo. Chifu analiuliza kabla ya kukuandikia barua. Mwanamume akikupenda, watu wake wanaliuliza kabla hata hawajauliza jina lako. Katika mji huu kila mtu ana kwao mahali pengine, na asiye na kwao anatazamwa kama kitu kilichookotwa. Nilipokuwa naulizwa nilikuwa nakasirika. Bado nakasirika. Mwaka jana swali hilo nusura livunje ndoa yangu kabla haijaanza, na ndiyo sababu naandika.

Basi kazi ya huyu mama ilikuwa kututafiti sisi: vijana tuliotoka homu, tunaishi vipi, na familia yetu ni nani. Nilimwona mara ya kwanza katika ukumbi wa kanisa pale Kabiro. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nimefuata chai na mandazi, sikufuata utafiti. Kabla hajamuuliza mtu chochote, alimwambia, "Uliza wewe kwanza." Kila mmoja alikuwa na haki ya maswali matatu, naye alijibu yote bila kupepesa macho. Mimi nilimuuliza kama ameolewa. Akasema hapana. Nikamuuliza kama ana watoto. Akasema hapana. La tatu nililiuliza kwa ubaya kabisa, ili naye aonje.

"Na wewe Madam, kwenu ni wapi?"

Alitazama penseli yake. Kisha akasema, "Hiyo sijajua kuijibu," akachora kistari kwenye fomu yangu pale ambapo jibu lake lingekaa. Nilikuwa nimezoea watu wazima wanaojua kila kitu kunihusu, na huyu hakujua hata la kwake mwenyewe. Nilikunywa chai yangu nikiwa nimetulia kidogo.

Kuhusu penseli. Hakuwahi kuandika jibu la mtu kwa wino. Wino unajidai, alisema. Mtu akikumbuka vizuri kesho, utafanya nini? Alikuwa anaichonga kwa wembe, na vumbi lake analifuta kwenye sketi, kwa hiyo sketi zake zote zilikuwa na doa jeusi pajani. Kiondo chake kilikuwa na fomu, karanga na kitambaa cha kujifuta jasho, na karanga hizo alikukaribisha kwa mkono mmoja huku akizimaliza kwa mkono mwingine. Hakupiga picha hata moja. Siku moja alikuja na wageni wa chuo, na mmoja wao akainua simu kumpiga picha mtoto aliyekuwa anaoga kwenye karai. Madam alisimama mbele ya simu, mgongo kwa mtoto, akabaki hapo akimtazama mgeni usoni. Mgeni alisogea kushoto, naye akasogea. Mgeni akasogea kulia. Tulicheka mpaka mgeni mwenyewe akacheka na kuitia simu mfukoni.

Mahali popote alifika kwa miguu. Kutoka Kabiro alikoishi mpaka kwetu Gatwekera si mwendo wa kujivunia kwa kijana, na yeye alikuwa na umri wa nyanya. Alipita mtaa wa Raila akisalimiana na wauza mboga, akiwakemea wanaomwaga maji machafu njiani, akiingia kwa mtu bila hodi ya kutosha. Alikuwa mkali. Alikuwa anasahau majina ya watu kwa namna ya kuudhi, lakini hasahau ulichomwambia. Angekuita "wee msichana wa sweta" kwa miaka, kwa sababu mimi hufuma sweta za shule kwa mashine, halafu akukumbushe neno ulilosema ukiwa na miaka ishirini na sasa unalikana. Ukimwambia umebadilika, alifurahi, akatoa kifutio.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe.

Katika fomu yake ya kwanza kulikuwa na mahali pa kuandika mtu wako wa karibu kuliko wote, na mbele yake uhusiano wenu. Mimi niliandika Nafula, na kwenye uhusiano nikaandika deka. Sikufikiri. Wengi wa ukumbi ule walikuwa wameandika neno hilo hilo, kila mmoja na mtu wake.

Madam alikwenda nazo kwake, akazisoma peke yake. Sasa yeye alikuwa mtu wa Kiswahili cha vitabu, na katika vitabu kudeka ni kufanya kama mtoto anavyofanya mbele ya mtu anayempenda: kulialia bila sababu, kujilegeza, kutaka kubembelezwa. Akaelewa kwamba tumeulizwa uhusiano na tumejibu kwamba huyu ndiye mtu tunayemdekea. Alikuja kuniambia baadaye kwamba alilia. Alijisemea, tazama watoto hawa wanavyoandika vizuri kuliko maprofesa.

Wiki iliyofuata alinifuata Gatwekera, akaketi juu ya gunia langu la uzi, na kuniuliza kwa sauti ya upole ambayo sikuwahi kuisikia tena, "Niambie, Nafula anakudekeza aje?"

Nilicheka hadi mashine ikasimama. Nikamweleza kwamba deka ni kitanda. Homu tulilala kwenye vitanda vya chuma vya ghorofa, dabo deka, na ndimi zetu zikalikata neno likabaki deka. Anayelala juu yako au chini yako ni deka yako. Watoto walikuja na kuondoka, matroni walibadilika, wafadhili walibadilika, mama wa homu tuliyeamriwa kumwita Mum alibadilika mara tatu. Deka hakubadilika. Nafula alilala juu, mimi chini.

Madam alikuwa ameinamisha uso, sikujua kama ameaibika au amekasirika. "Na hiyo inawafanya kuwa ndugu?" aliuliza.

"Madam, Nafula alikojoa kitandani mpaka darasa la tatu," nikamwambia. "Na mimi ndio nililala chini. Kama hiyo si undugu, niambie ni nini."

Aliandika sentensi hiyo neno kwa neno, akaipitia kwa wino, mara pekee niliyomwona akifanya hivyo katika miaka yote niliyomjua. Kisha akaniambia kwamba amekosea neno lakini hajakosea maana, na anaomba nimruhusu aendelee kulia kwa ile sababu ya kwanza. Mimi sikupenda watu wa kunililia. Nilimwambia atoke kwenye uzi wangu, ananikunjia.

Kosa hilo lilimgeuza. Kabla ya hapo alikuwa anatafuta familia zetu zilizopotea: shangazi wa huku, babu wa kule. Baada ya hapo alianza kuuliza nani anajua unapoumwa, nani ana ufunguo wako wa pili, nani ulimpigia simu ulipopata kazi, nani utamkasirikia asipokuja. Alikuwa na msemo wake: mtu wako ni yule atakayekuja kuuliza. Siku ukikosekana, anayekuja mlangoni na kuuliza yuko wapi huyu, huyo ndiye. Mwenye damu yako asiyeuliza, mwache apumzike na damu yake.

Wakubwa wake chuoni hawakupendezwa. Majibu yalipokuwa yanapangwa, waliomkagua walimwambia kwamba hakuna uhusiano unaoitwa deka. Kuna mzazi, ndugu, mke, mume, jamaa, halafu chini kabisa kuna safu ya Wengine. Waliotaja deka wahamishiwe huko. Aliambiwa ni jambo dogo, ni la usafi wa jedwali tu. Alikataa. Wakamrudishia kazi yake, akaileta vilevile. Wakamrudishia tena. Alitusimulia hayo akiwa amesimama kwenye mlango wa Nafula, mikono kiunoni, kana kwamba sisi ndio tuliomrudishia.

"Nimewauliza, huyo Wengine ni nani? Anakaa wapi? Mumeshawahi kunywa chai naye?" alisema. "Hakuna mtu anayeitwa Wengine."

Tulichukua maneno hayo tukayafanya wimbo wa kutaniana. Mtu akichelewa kufika, tulimwita Wengine. Nyama ikiisha kabla hajapata, tulimwambia ni ya watu, si ya Wengine. Lakini yeye hakuwa anacheza. Kazi hiyo ilikaa bila kuchapishwa kwa miaka mingi, wenziwe waliomaliza naye wakawa maprofesa, yeye akastaafu akiwa Daktari vilevile. Mwishowe ilitoka, na deka imo, ina safu yake. Alinionyesha ukurasa. Mimi kusoma kwangu si kwa aina hiyo ya vitabu, lakini neno letu nililiona, limeketi chini ya ndugu na juu ya jamaa, limenyooka. Sijui kama iko kazi nyingine iliyowahi kupiganiwa kwa ajili ya kitanda.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na mambo yake. Aliichukia homu kama mfumo, aliandika kwamba mtoto halelewi kwa zamu, lakini kila Krismasi alipeleka sukari kwa mzee mmoja kati ya matroni waliotulea, na wakikutana walishikana mikono muda mrefu. Alituambia tusidanganye hata kwa jambo dogo. Halafu Nafula alipokataliwa kitambulisho kwa kukosa wazazi, Madam alikwenda naye kwa chifu akaapa kwamba anamjua mkunga aliyemzalisha, pale Raila, mwanamke mfupi mwenye kilema cha jicho. Hapakuwa na mkunga wala jicho. Nafula alipata kitambulisho.

Na lile kubwa zaidi watu wa Kabiro walilijua, sisi tukaja kulijua baadaye. Ardhi ambayo homu yetu ilisimama ilikuwa ya baba yake. Familia yao ni wale waliokuwa Kawangware kabla haijawa mji, wenye ploti na vyumba vya kupangisha. Baba alipokufa, kaka zake wakashika ploti, na homu ikaendelea kuwa mpangaji wao. Kisha dada yao akaanza kuandika kwamba watoto wanastahili kulelewa na watu, si na taasisi. Wakamwambia achague: karatasi zake au ukoo. Aliposhika karatasi, walibadilisha kufuli. Alikodi chumba kimoja ng'ambo ya barabara, kinachotazamana na lango la baba yake, lango la bluu. Aliamka akaliona, akalala akaliona. Nilimuuliza kwa nini asihamie mbali, ajiepushe na uchungu. Alisema asiyetaka uchungu ndiye ahame, yeye uchungu haujamshinda. Simu za dada yake mdogo, ambaye labda angewapatanisha, hakuzipokea. Mwanamke aliyejaza makabati kwa maswali ya familia aliacha simu ya nduguye ilie mpaka ichoke. Nilimwambia huo ni ukaidi. Akasema ndiyo.

Miaka michache iliyopita ilikuja amri kwamba watoto warudishwe kwa jamaa na makao yapunguzwe, homu yetu ikafungwa. Ungefikiri angesherehekea. Alikwenda kila asubuhi kusimama pale wakati watoto wanaondolewa, akiuliza kila mmoja anakwenda kwa nani, na huyo nani anamjua mtoto anapenda kula nini. Alinuna wiki nzima. Alisema yeye aliandika watoto wapewe watu, hakuandika wapewe anwani. Vitanda viliuzwa kama vyuma chakavu. Nafula alikwenda na mkokoteni, akatafuta chetu, rangi ya kijani, kilichochorwa nambari kumi na nne kwenye nguzo, akakileta Gatwekera. Chumba chake ni kumi kwa kumi, na kitanda kilikula nusu.

Sasa ndoa. Ouma ni seremala, watu wake ni wa upande wa ziwa, na tumependana kwa amani ambayo sikuwa nimeizoea. Mkubwa wa familia yao ni baba yake mdogo, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Alipewa habari zangu, akasema maneno machache: msichana hatujamkataa, lakini sisi hatuendi kuoa barabarani. Tuonyeshwe kwao, tuende tukasalimie, ndipo aje kwetu. Bila ziara hiyo ningeweza kuishi na Ouma, ndiyo, wengi wanaishi. Lakini pale bomani kwao ningekuwa mtu aliyekuja na upepo. Siku ya ugomvi wa kwanza mtu angeniambia, na wewe ulitoka wapi? Nilijua vizuri jinsi ningejibu, na ndoa ingeishia hapo.

Nikaenda Kabiro kumwomba Madam awe mama yangu kwa siku moja.

Nilimkuta mguu wake umewekwa juu ya stuli, goti limevimba. Kutembea kulikuwa kumemgeuka. Nilimweleza. Nilimwambia hana haja ya kusema mengi: akae, asalimie, apokee wageni, basi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hapana.

"Kwa chifu si ulidanganya?" nikamwambia.

"Kwa chifu nilidanganya karatasi," akasema. "Wewe unataka nidanganye watu."

"Kwa hivyo nifanye aje?"

"Uko na watu. Waite."

"Hao ni madeka tu."

Aliniangalia kwa jicho ambalo sitaki kuangaliwa nalo tena. "Tu?" alisema. "Mimi nimezeekea hilo neno, na leo wewe unaniwekea tu?"

Niliondoka bila kunywa chai yake, na mtu akikuacha na kikombe kilichojaa, amekutukana. Njia nzima nilimsema. Nilisema ni mchoyo wa kichwa, ni mtu wa vitabu, sisi kwake tulikuwa nambari. Nafula aliponisikiliza alikuna kichwa, akasema, "Si amesema tuite watu. Haya, tuwaite."

Siku ya ziara walikusanyika kwa Nafula, tisa pamoja naye. Fundi wa bomba kutoka Raila, muuza mitumba, askari wa usiku, mama wa watoto wawili, wote wa vitanda vyetu. Walioga, wakavaa, wakaleta sufuria zao. Hakuna aliyewapanga, lakini walipoketi chini kwenye mkeka niliona wamekaa kwa mpangilio wa bweni, dirishani mpaka mlangoni, kila mtu kando ya deka yake. Viti vilikuwa viwili tu, kwa hiyo wageni wakakalishwa kitandani, chini, vichwa vyao wameinamisha wasigonge ghorofa ya juu. Baba mdogo wa Ouma alikaa katikati, koti limefungwa vifungo vyote. Mimi nilikuwa kwenye kona, kimya, jinsi bibi harusi anavyotakiwa.

Baada ya salamu na maombi, mzee akauliza mama wa msichana ni yupi.

"Hayuko, mzee," Nafula akasema. "Hatumjui. Mimi ndio deka yake."

"Deka ni nini?"

"Hiyo umekalia."

Mzee alitazama chini ya mapaja yake, akatazama juu, akaona chuma. Nafula hakucheka. Alimweleza kama nilivyomweleza Madam, na mambo ya kukojoa hakuyaficha, ingawa ni yake. Alimwambia nilipougua surua yeye alishuka akalala nami mpaka naye akaugua. Ouma alikuwa anatazama viatu vyake. Nilikuwa nimejiandaa kusimama na kuwaambia waende zao kama mzee angetudharau.

Mzee hakudharau. Alitoa miwani, akaifuta.

"Mimi nitawaambia kwa nini tunatafuta kwao mtu," alisema. "Si mashamba. Si ng'ombe. Ni hivi: siku tukimkosea huyu msichana, ni nani atakuja kutuuliza?"

Nafula alisimama. Fundi wa bomba akasimama. Mmoja mmoja wakainuka wote tisa, na kwa kuwa chumba ni kidogo, walisimama bega kwa bega mpaka mwanga wa dirisha ukapungua.

"Na mimi pia nitakuja," sauti ikatoka mlangoni. "Hiyo kazi ya kuuliza ndio nimefanya maisha yangu yote."

Alikuwa ameegemea fimbo, goti limefungwa kitambaa, jasho linamtoka, kiondo begani. Alikuwa ametembea kutoka Kabiro na mguu ule. Swali la mzee alilisikia kupitia mabati akiwa bado njiani. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumgombeza, nikabaki kwenye kona yangu.

Mzee alimtazama, naye akamtazama mzee. Mwalimu hujua mwalimu. Mzee akatoa daftari kwenye koti, akasema basi atawaandika wakwe zake mmoja mmoja ili wa nyumbani wajue. Hakuwa na kalamu. Madam akampa penseli. Mzee alipiga mistari: jina, uhusiano, kwao. Wakaanza kutajwa. Nafula, deka, Gatwekera. Fundi wa bomba, deka ya bweni, Raila. Kila aliyeulizwa kwao ni wapi alijibu pale anapolala sasa, bila kigugumizi, na mzee aliandika bila kubisha. Nilihesabu pumzi zangu mpaka wa tisa akamalizika.

"Na wewe, mama," mzee akasema. "Uhusiano?"

Madam alishusha kiondo. Akafuta jasho. "Mimi niweke kwa wengine," alisema.

Bibi harusi hatakiwi kusema. Nilisema.

"Hakuna mtu anayeitwa Wengine."

Madeka wote waligeuka. Nafula akaziba mdomo kwa kiganja. Madam alinitazama, na midomo yake ilikuwa inacheza, nikajua ameyasikia maneno yake mwenyewe.

"Basi niandike nini?" mzee akauliza.

"Andika deka."

"Huyu alilala nanyi huko?"

"Hakulala," nikasema. "Amesimama miaka kumi na moja. Sasa atakaa."

Wageni wakasogea. Nafula akamshika mkono, akamkalisha kitandani, ghorofa ya chini, upande wangu, kichwa ameinamisha kama tulivyokuwa tukiinamisha sisi. Alipapasa nguzo mpaka vidole vyake vikakuta nambari kumi na nne, vikatulia hapo. Nilikuwa nalia na sikutaka mtu aniambie nisilie.

Mzee alikuwa bado na safu moja. "Na kwenu ni wapi, mama?"

Nilikikumbuka kistari cha fomu yangu. Nilifikiri atachora kingine.

"Kwetu ni Kawangware, Kabiro, kwa baba yangu, lango la bluu," akasema, polepole, kama anayesomea mtu imla. "Sijahama. Nimefungiwa tu. Na hapa Gatwekera pia ni kwetu, kwa huyu na huyu. Andika hivyo hivyo, mwalimu, usipunguze."

Mzee aliandika. Nafasi haikutosha, akageuza ukurasa akaendelea upande wa pili.